Viza ya Muda Mrefu Unayo. Je, Dirishani Utasemaje?

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya dirisha la uhamiaji nikiwa na viza ya mfanyakazi wa mbali, yule anayeishi nchi moja na kulipwa kutoka nyingine, afisa aliniuliza swali la maneno matatu: "Umekuja kufanya nini?" Nikajibu upesi, kwa ulimi wa mtu aliyetoka kukaa saa kumi na moja ndani ya ndege: "Kufanya kazi." Mikono yake ikaganda juu ya kibodi. Akauliza nimeajiriwa na nani hapa nchini. Nikasema sijaajiriwa na mtu hapa. "Sasa kazi gani?" Nikaanza kueleza habari za vitabu vya hesabu, wateja, mtandao, na kila nilipoeleza ndivyo nilivyozidi kujichimbia. Nikatolewa kwenye foleni, nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki pembeni kwa dakika arobaini. Pasipoti yangu, yenye viza halali kabisa, ilipelekwa nyuma ya mlango ambao sikuruhusiwa kuusogelea.

Sikuwa na kasoro yoyote kwenye karatasi. Kilichoniponza ni sentensi moja.

Mimi ni mhasibu. Natunza vitabu vya kampuni tatu ndogo ambazo ofisi zake sijawahi kuzikanyaga, na tangu siku ile ya kiti cha plastiki naandaa safari kama ninavyofunga hesabu za mwezi: kila ninachodai lazima kiwe na karatasi yake, na karatasi zote zikubaliane. Ninayoandika hapa ni kwa aliyekwisha kupata viza. Namna ya kuiomba wameshaieleza wengi. Kinachosahaulika ni zile dakika tano za dirishani.

Afisa anauliza kama jana bado ni leo

Viza inakufikisha dirishani. Kuingia ni uamuzi mwingine, wa mtu mwingine, siku nyingine. Ubalozi ulikupima kwa hali uliyokuwa nayo siku ulipowasilisha maombi. Afisa wa mpakani anataka kujua kama hali hiyo ingalipo. Kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miezi mitatu au minne, na kwa sisi tunaoishi kwa mikataba, miezi minne ni muda wa kutosha kubadilika kila kitu.

Hebu fikiria masharti yenyewe. Japani, iliyofungua viza ya aina hii mwaka 2024, inataka kipato cha yeni milioni 10 kwa mwaka na bima ya afya. Korea Kusini, mwaka huohuo, iliweka kiwango cha mara mbili ya pato la wastani la mtu nchini humo. Hispania inapima kwa mara mbili ya kima cha chini cha mshahara. Sasa mteja wako mkubwa akikuaga wiki mbili kabla ya safari, viza haijafutwa, lakini ile nguzo iliyoibeba imeondoka. Bima ikiisha, ni vilevile. Mwajiri akibadili sera na kuita watu wote warudi ofisini, ile barua yake ya kukuruhusu kufanya kazi ukiwa popote haina tena maana.

Mimi limenipata. Viza ilitoka, na kabla sijakata tiketi mmoja wa wateja wangu watatu akafunga biashara. Mkataba wake ulikuwa ndani ya faili la maombi. Nilikaa siku mbili nikijiambia hakuna atakayejua, halafu nikaona aibu ya taaluma: nisingemruhusu mteja wangu afiche tukio la namna hiyo kwenye mizania. Nikauandikia ubalozi barua pepe fupi: mteja huyu amekoma tarehe fulani, huyu mpya ameanza tarehe fulani, mkataba wake nimeambatisha, jumla ya kipato bado iko juu ya kiwango. Jibu likaja la mistari miwili, kwamba wamepokea na nibebe nyaraka hizo. Nikalichapisha. Dirishani hakuna aliyeuliza, na sikujutia karatasi ile hata kidogo.

Kama mabadiliko yamekushusha chini ya kiwango, usisafiri kwa kutumaini bahati. Uliza kwanza. Kuahirisha tiketi kunauma, lakini rekodi ya kukataliwa kuingia hufuatana nawe kwenye kila fomu itakayokuuliza "je, umewahi kuzuiwa kuingia nchi yoyote?"

Soma stika yenyewe, neno kwa neno

Watu huipiga picha viza, wakaituma kwa ndugu, wasiisome. Kuna saa mbili zinazohesabu ndani yake na hazifanani. Moja ni muda wa viza: kuanzia lini hadi lini unaweza kuitumia kuingia. Nyingine ni muda wa kukaa kila ukiingia. Viza ya Thailand iitwayo DTV ni mfano mzuri: inadumu miaka mitano, lakini kila ukiingia unapewa siku 180. Anayeona "miaka mitano" na kupumzika atashtuka mwezi wa saba.

Angalia pia idadi ya kuingia. Kwenye stika za nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, inaandikwa 01, 02 au MULT, na aina ya viza ni herufi: D ni ya muda mrefu, C ni ya muda mfupi. Viza ya ukaazi ya Ureno kwa kawaida hutolewa kwa miezi minne na nafasi mbili za kuingia, kwa sababu kazi yake ni kukuingiza ili uombe kibali cha ukaazi ukiwa ndani. Ukitoka kwenda harusini na kurudi, nafasi zote mbili zimekwisha.

Na tarehe ya kuanza ni tarehe ya kuanza. Ndege inayotua saa 5:50 usiku siku moja kabla inakuletea balaa la dakika kumi. Kata tiketi itakayokufikisha siku inayofuata, mchana, ofisi zikiwa wazi.

Pasipoti mpya ukiipata baada ya viza, beba zote mbili, ya zamani yenye stika na mpya. Kabla ya hapo thibitisha na ubalozi kama stika ya zamani inaendelea kutumika au inahamishwa. Nchi hazifanani katika hili.

Sentensi ya kukariri

Hii ndiyo sehemu niliyoilipia kwa dakika arobaini. Ninachosema siku hizi ni hiki, na nimekifanyia mazoezi kwa sauti nikiwa bafuni: "Nina viza ya wafanyakazi wa mbali. Wateja wangu wako nje ya nchi hii na malipo yanatoka huko. Nitakaa kwenye nyumba niliyopanga, anwani hii hapa." Halafu nanyamaza.

Kunyamaza ni nusu ya jibu. Mtu mwenye wasiwasi hujaza kimya kwa maelezo, na maelezo huzaa maswali.

Usiseme "kufanya kazi" peke yake. Masikioni mwa afisa, kazi ni ajira ya hapo nchini, na ajira ya hapo inataka kibali kingine. Usiseme "utalii" pia, hata kama rafiki amekuambia ndilo jibu jepesi. Jibu lako linaweza kuingizwa kwenye mfumo, na stika iliyo mbele yake inasema jambo tofauti. Umejitengenezea uongo pale ambapo ukweli ungekupitisha. Jibu baya kuliko yote ni lile la "nitaangalia fursa hukohuko".

Ukiulizwa kama utafanya kazi na kampuni za hapo, ujue sheria ya viza yako kabla hujafungua mdomo. Nyingi zinakataza kabisa. Hispania inamruhusu aliyejiajiri kufanya na kampuni za nchini humo, mradi kazi hiyo isizidi asilimia 20 ya shughuli zake zote. Mwajiriwa hana nafasi hiyo. Kwa hiyo jibu sahihi la mmoja ni jibu la kumponza mwenzake.

Ukiwa hujaelewa swali, sema hujaelewa. Nimewahi kumwona kijana akiitikia "yes" kwa kila alichoulizwa, likiwemo swali la kama ana mwajiri mahali pale. Kuomba mkalimani hakumkasirishi mtu kama kuitikia usichokijua.

Karatasi zikubaliane

Zichapishe, zikae kwenye begi la mkononi. Si kwenye sanduku, maana sanduku utalikuta upande wa pili wa dirisha. Si kwenye simu tu, kwa kuwa simu huzimika na intaneti ya kiwanja hupenda kukuomba namba ambayo haijaanza kufanya kazi. Beba barua ya kukubaliwa viza, mikataba, bima, uthibitisho wa makazi, na taarifa za benki za miezi mitatu ya mwisho, si zile ulizopeleka ubalozini mwaka jana.

Kisha fanya ninachokifanya kila mwisho wa mwezi: linganisha. Mkataba wangu mmoja unasema dola 2,000. Benki inaonyesha 1,870 na senti kadhaa, kila mwezi tofauti kidogo, kwa sababu ya makato ya kutuma na badiliko la sarafu. Kwangu hilo ni jambo la kila siku. Kwa mtu anayeziona karatasi hizo kwa mara ya kwanza saa tisa usiku, ni namba mbili zisizofanana. Nimeambatisha ankara ya kila mwezi na kuzungushia kwa kalamu mstari wa makato. Jina nalo: pasipoti yangu ina majina matatu, mkataba wa zamani ulikuwa na mawili. Nilimwomba mteja aandike upya. Ilimchukua dakika tatu.

Kaunta ya ndege ni mpaka wa kwanza

Wengi wanaokwama hawafiki hata kwenye mpaka. Wanakwama kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo, kwa sababu shirika la ndege likimbeba mtu asiyestahili kuingia, linaweza kutozwa faini na kulazimika kumrudisha. Mhudumu anasoma masharti kwenye mfumo unaoitwa Timatic, na kama amekuingiza kama mgeni wa kawaida, mfumo utadai tiketi ya kurudi. Usigombane. Mwonyeshe ukurasa wa viza, mwambie ni ya muda mrefu, mwombe aingize taarifa upya akitaja aina ya viza. Ikishindikana, omba msimamizi. Ndiyo sababu nafika saa tatu na nusu kabla, hata watu wakinicheka.

Viza ya kidijitali isiyo na stika, chapisha kurasa zake zote. Na usisahau fomu ndogondogo zisizo viza: Thailand, kwa mfano, tangu tarehe 1 Mei 2025 inataka kila mgeni ajaze kadi ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na mwenye DTV hasamehewi.

Ukipitia nchi nyingine ya Schengen

Una viza D ya Hispania, ndege inabadilishwa Frankfurt. Dirisha utakalosimama ni la Wajerumani, na afisa anatazama viza ya nchi ambayo si yake. Kanuni za mipaka ya Schengen zinamruhusu mwenye viza ya muda mrefu kupita kwenda nchi iliyoitoa, kwa hiyo kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba kweli unakwenda. Tiketi ya kuunganisha, tayari mkononi. Aliyenunua tiketi mbili tofauti, ya pili ya wiki ijayo, ana maelezo zaidi ya kutoa.

Kwa kuwa umeingilia Ujerumani, Hispania hakuna atakayekugongea mhuri. Nchi zote mbili za rasi ile, Hispania na Ureno, zinataka aliyeingia kwa njia hiyo atoe taarifa ya kuwasili ndani ya siku tatu za kazi. Wengi hawajui, wakaenda kuomba kadi ya ukaazi, wakaulizwa: uliingia lini, na ushahidi uko wapi? Tunza karatasi ya kupandia ndege.

Kuna pia mfumo mpya wa kusajili alama za vidole na sura, EES, ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025 na kupangiwa kukamilika tarehe 10 Aprili 2026. Ni wa wageni wa muda mfupi. Mwenye viza D au kadi ya ukaazi hahusiki. Ukielekezwa kwenye mashine, onyesha viza kwanza na uombe dirisha lenye mtu, usije ukasajiliwa kama mgeni wa siku 90.

Usiondoke hujausoma mhuri

Kuna nchi niliingia bila swali hata moja. Nilifurahi mno. Niliikabidhi pasipoti imefungwa, afisa akafungua ukurasa wa picha, akatafuta nafasi tupu, akagonga, akanirudishia. Siku kumi na tisa baadaye najaza fomu ya kusajili makazi, karani ananiuliza mbona nimeingia kama mgeni wa siku thelathini. Viza yangu ilikuwa ukurasa wa 14. Hakuna aliyeufungua, nami sikuuonyesha. Kusahihisha kulinichukua safari mbili za ofisini na barua ya kujieleza, na siku zote hizo zile thelathini zilikuwa zinakatika.

Sasa naikabidhi pasipoti ikiwa wazi kwenye viza, kidole kikiwa juu ya stika, na nasema "viza hii hapa". Nikirudishiwa nasogea hatua mbili, nasimama, nasoma: tarehe ya leo, aina ya ruhusa, siku ya mwisho. Mwenye DTV ahesabu kama kweli zinafika 180. Kosa la mhuri likigundulika pale pale dirishani, mara nyingi hurekebishwa kwa kalamu na mhuri mwingine. Ukishavuka kizuizi, limekuwa lako.

Kutoka na kurudi

Nina leja ya siku. Safu ya kuingia, safu ya kutoka, safu ya jumla. Kwa Schengen nina safu ya ziada, kwa sababu siku unazokaa katika nchi iliyokupa viza D hazihesabiwi kwenye zile siku 90 ndani ya kila 180 anazoruhusiwa mgeni wa muda mfupi, ilhali nchi jirani unaweza kuzitembelea kwa siku 90 tu katika kila 180. Viza D si ruhusa ya kuhamia nchi zote.

Hatari kubwa ya kusafiri ni pale kadi ya ukaazi imeisha na mpya haijatoka. Unakuwa na risiti ya maombi ambayo ndani ya nchi inakulinda, lakini kwenye kaunta ya ndege haimwambii mtu kitu. Hispania ina hati maalumu ya kurudi kwa ajili ya kipindi hicho, na inaombwa kabla ya kutoka. Kila nchi uliza kama ipo, na usinunue tiketi kwanza.

Habari za kodi ziache nyumbani. Afisa wa uhamiaji hajakuuliza.

Ukiitwa pembeni

Kuitwa pembeni si kukataliwa. Ni ukaguzi wa pili, na watu wengi hutoka humo na mhuri. Kaa, omba maji, usipige simu bila kuuliza. Vifaa vyako vinaweza kuguswa: Marekani na Kanada, kwa mfano, maafisa wa mpakani wana mamlaka ya kupekua simu na kompyuta. Usifute kitu ukiwa kwenye foleni. Hakuna kinachoonekana kibaya kuliko hicho. Ila kabla ya safari, data ya wateja isiyo na sababu ya kusafiri nawe iache kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nina wajibu wa siri kwa kampuni tatu na siwezi kuutimiza nikiwa nimewapa watu wengine nenosiri langu.

Ukikataliwa, omba uamuzi kwa maandishi. Kwenye mipaka ya Schengen ni lazima wakupe fomu yenye sababu, na una haki ya kukata rufaa, ingawa rufaa yenyewe haizuii kurudishwa. Usisaini usichokielewa. Ukishikiliwa, una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe, kwa mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Namba ya simu ya ubalozi iandike kwenye karatasi, maana simu huenda wakati huo haiko mikononi mwako.

Kwenye kile kiti cha plastiki, aliyenijia alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliniomba mkataba. Nikautoa begini, akavaa miwani, akasoma hadi mstari unaotaja makao ya kampuni, nchi nyingine kabisa. Akaurudia mstari ule kwa kidole.

"Kwa nini hukusema hivi pale dirishani?"

Nikakosa jibu. Akaenda kuchukua pasipoti yangu.